Je, Baba Anayekunywa Anaweza Kumkanya Mwanawe?



Mama mmoja ametuandikia barua ndefu. Tunaieleza hapa bila kutaja jina lake wala parokia yake, kwa kuwa taabu yake ni taabu ya nyumba nyingi. Yeye na mumewe walifunga ndoa kanisani miaka 22 iliyopita, na Mungu amewajalia watoto wanne. Kifungua mimba wao, mvulana, alifaulu vizuri mtihani wa kidato cha nne akaitwa chuo kikuu. Siku matokeo yalipotoka, baba mtu alichinja mbuzi akaalika majirani. Jioni, mbele ya wote, alimfungulia mwanawe chupa ya bia akasema, "Leo umekuwa mwanamume. Kunywa na baba yako." Kijana alikuwa ametimiza miaka 18 miezi miwili tu iliyotangulia. Watu wakapiga makofi. Mama akanyamaza.

Kijana alipokuwa mwaka wa pili chuoni, simu ililia nyumbani usiku wa manane. Aliyepiga ni mwenzake wa chumbani. Kijana alikuwa amekunywa pombe kali hadi akapoteza fahamu, na wenzake walikuwa wamemkimbiza hospitalini. Alipona, ashukuriwe Mungu. Baba alipompigia simu kumkaripia, kijana alimjibu kwa upole, "Lakini Baba, si ni wewe uliyenifungulia ya kwanza?"

Tangu siku hiyo baba hasemi neno lolote juu ya pombe. Anasema kijana ni mtu mzima, ana kitambulisho, acha ulimwengu umfunze. Mama naye humlaumu mumewe kila jioni, na kwa siri humtumia kijana fedha kwa M-Pesa ili asiteseke. Mume ameligundua hilo. Sasa wawili hao hulala kitanda kimoja bila kuzungumza.

Mama anauliza hivi: "Mume wangu si mlevi. Hunywa bia mbili au tatu Jumamosi na kurudi nyumbani mapema. Lakini mtu anayekunywa ana haki gani ya kumkanya mtoto asinywe? Na ikiwa hana haki hiyo, ni nani atakayemkanya?"

Mama mpendwa, umeuliza swali ambalo wazazi wengi hulikwepa. Tuliangalie polepole, kwa sababu ndani yake mna maswali mengine mawili: kama sauti ya mzazi bado ina nguvu mtoto akishafika chuoni, na kama mume na mke wanaweza kulea mtoto mmoja kwa njia mbili tofauti.

Je, sauti ya mzazi imekwisha?

Tuanze na neno la baba, kwamba kijana ana kitambulisho. Ni kweli, sheria inamhesabu kuwa mtu mzima. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo wengi wetu huiita Sheria ya Mututho, inakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Tena inataka baa iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shuleni. Lakini mita hizo 300 ni kwa ajili ya shule za watoto walio chini ya miaka 18. Chuo kikuu hakikutajwa humo. Mwaka 2025 Serikali ilitoa sera iliyopendekeza umri wa kuuziwa pombe upandishwe hadi miaka 21, na hilo linaonyesha kwamba hata wakubwa wa nchi wameona pengo. Hata hivyo, mzazi asingoje sheria imlelee mtoto. Siku kijana anapopita lango la chuo, ua uliojengwa na sheria hubaki nyuma yake. Mbele yake kuna chumba kisicho na mlezi, marafiki wapya, na fedha za mkopo zinazoingia siku moja zote kwa pamoja. Ua uliobaki ni ule alioubeba moyoni kutoka nyumbani.

Kanisa linatufundisha jambo lenye busara hapa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2217, inaeleza kwamba wajibu wa mtoto kuwatii wazazi hukoma anapojitegemea, lakini heshima anayowiwa nao haikomi kamwe. Maana yake ni kwamba mtoto akikua, kazi ya mzazi hubadilika sura bila kwisha. Alipokuwa na miaka 8 ulimwamuru. Akiwa na miaka 19 unamshauri, unamweleza, unamsihi. Mzazi anayeendelea kuamuru tu atapoteza sikio la mwanawe. Mzazi anayenyamaza kabisa amejiuzulu kazi ambayo hakuna mwingine aliyeajiriwa kuifanya.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2001, Robert Turrisi na wenzake nchini Marekani walichapisha habari za jaribio moja. Wazazi ambao watoto wao walikuwa wakijiandaa kwenda chuoni walipewa kijitabu cha kuwasaidia kuzungumza na watoto hao juu ya pombe kabla hawajaondoka nyumbani. Baadaye, watoto hao walipokuwa chuoni, walionekana kunywa na kulewa kidogo kuliko wenzao ambao wazazi wao hawakupewa kijitabu. Tafakari jambo hilo. Mzazi hakuwa katika chumba cha chuo wala hakumfuata mtoto kwenye baa. Alizungumza tu, mapema na kwa utaratibu, na maneno yake yakasafiri pamoja na mtoto ndani ya sanduku lake. Basi asiwepo mzazi atakayesema, "Siku hizi hawasikii." Wanasikia, hata wanapojifanya hawasikii.

Chupa ya kwanza

Tuje kwenye ile chupa ya sherehe. Tusimhukumu baba huyu upesi. Alimpenda mwanawe na alitaka kumheshimu. Wapo pia wazazi wanaofikiri hivi: "Afadhali ajifunze kunywa mbele yangu, polepole, kuliko kwenda kujifunza vichochoroni." Fikira hiyo ina sura ya hekima. Je, ni kweli?

Nchini Australia watafiti waliwafuata vijana 1,927 kwa miaka sita, tangu walipokuwa wadogo wa sekondari hadi walipofikia miaka 18 hivi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Waliuliza nani alipewa pombe na wazazi wake, na nini kilimpata baadaye. Hawakuona dalili kwamba pombe iliyotolewa na mzazi ilimkinga mtoto. Waliona kinyume chake: waliopewa na wazazi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuipata kwingine, kunywa kupita kiasi na kudhurika, kuliko wale ambao hawakupewa na mtu. Mzazi alidhani anafundisha kiasi. Mtoto alijifunza jambo moja tu, kwamba imeruhusiwa.

Wazee wetu wa zamani hawangeshangaa kusikia hayo. Katika jamii nyingi za Kenya pombe ilikuwa na mahali pake. Iwe muratina, busaa au mnazi, ilionekana wakati wa mahari, wakati wa kupatanisha waliogombana, na katika shughuli za ukoo. Ilikuwa heshima ya wazee. Kijana aliyeonekana akipepesuka alikuwa aibu ya nyumba yao. Uanaume wake ulipimwa kwa kazi, kwa ujasiri, na kwa namna alivyowaheshimu wakubwa. Ni sisi tulioigeuza chupa kuwa cheti cha utu uzima.

Tena pombe anayokutana nayo kijana wa leo si bia mbili za baba. Fanya hesabu nawe. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 4 ina mililita 20 za kilevi halisi. Ile chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250, yenye nguvu ya asilimia 40, ina mililita 100. Maana yake, kachupa kanakoingia mfukoni mwa koti kana kilevi cha bia tano. Mwili huhitaji karibu saa mbili kuondoa bia moja kama hiyo, kwa hiyo kachupa kale kanahitaji karibu saa kumi. Kijana akikamaliza kwa nusu saa ili awafurahishe wenzake, mwili wake umebebeshwa mzigo usioweza kuutua usiku ule. Baba aliyesema "Kunywa na baba yako" hakuwaza mzigo huo. Lakini mwana alisikia ruhusa bila kusikia kipimo.

Haki ya kukanya hutoka wapi?

Sasa tumefika kwenye kiini cha swali. Mtu anayekunywa anaweza kumkanya mwanawe?

Watu hujibu kwa njia mbili, na zote mbili zina kasoro. Wa kwanza husema, "Fanya ninavyosema, usifanye ninavyofanya. Mimi ni baba." Huyu anadhani cheo kinatosha. Kijana aliyesoma hadi chuo kikuu hatakubali sababu hiyo, na hapaswi kulaumiwa kwa kutoikubali. Wa pili husema, "Mimi mwenyewe nakunywa, nitasema nini? Afadhali ninyamaze nisiwe mnafiki." Jibu hili linafanana na unyenyekevu, na kwa hiyo linawadanganya watu wengi wema. Lakini litazame vizuri. Kama ni mtu asiye na kosa peke yake anayeruhusiwa kumkanya mtoto, basi hakuna mtoto duniani atakayekanywa. Padre asingehubiri, mwalimu asingefundisha, na mama asingemwambia binti yake neno. Haki ya mzazi kumkanya mwanawe haitokani na usafi wake. Inatokana na wajibu aliopewa na Mungu siku mtoto alipozaliwa, na wajibu huo haufutwi na makosa yake. Ukiona mtoto anaelekea shimoni, huulizi kwanza kama wewe uliwahi kutumbukia. Unapiga kelele. Aliyewahi kutumbukia ndiye anayejua kina chake.

Hata hivyo, kuwa na haki ya kusema si sawa na kusikilizwa. Wajibu hukupa ruhusa ya kufungua mdomo. Kinachofungua sikio la kijana ni ukweli. Ndiyo sababu yule mvulana alimshinda baba yake kwa sentensi moja. Baba alitaka kukanya bila kukiri. Alitaka kuruka juu ya ile chupa ya sherehe kana kwamba haikuwapo, na mwana akaiweka mezani. Baba angeweza kujibu hivi: "Ni kweli, mwanangu. Ni mimi niliyeifungua, na nilikosea. Nilidhani nakupa heshima, kumbe nilikuharakisha. Usiku ule ulipolazwa nilijua kosa langu. Sikuambii haya kwa kuwa mimi ni bora kuliko wewe. Nakuambia kwa kuwa sitaki kukuzika." Baba anayesema hivyo hapotezi mamlaka. Hapo ndipo anapoyapata.

Mtu atauliza, "Je, kunywa bia mbili ni dhambi hata baba aungame?" La. Kanisa Katoliki halifundishi kwamba pombe ni dhambi. Bwana wetu aliwageuzia maarusi wa Kana maji kuwa divai. Katekisimu, namba 2290, inatuonya juu ya kupita kiasi katika chakula, pombe, tumbaku na dawa, na inawahesabia kosa kubwa wale wanaohatarisha usalama wa wengine kwa ulevi. Baba wa miaka 50 anayekunywa kwa kiasi havunji amri. Lakini Mtakatifu Paulo anatupeleka hatua moja mbele. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 14, anafundisha kwamba lililo halali kwangu naweza kuliacha kwa hiari ikiwa linamkwaza ndugu yangu, na divai anaitaja waziwazi. Naye aliyekwazwa hapa si ndugu wa mbali, ni mwanao wa kumzaa.

Kwa hiyo tunamshauri baba huyu jambo moja gumu. Aweke chini glasi yake ya Jumamosi kwa muhula mzima, amwambie mwanawe sababu, kisha amwalike ajiunge naye. "Mimi naacha hadi ufunge chuo. Wewe je?" Neno la namna hiyo lina gharama, na vijana hutambua neno lenye gharama. Tena lina faida ya pili. Akiona ni rahisi kuacha, amemfunza mwanawe kwa mfano. Akiona hawezi, akijikuta Jumamosi ya tatu anatafuta visingizio, basi amegundua jambo juu ya nafsi yake ambalo mkewe huenda alilijua zamani. Hapo asione aibu kutafuta msaada.

Yasome tena maandiko ya nabii Yeremia, sura ya 35. Mungu alimwagiza Yeremia awaite Warekabi hekaluni, awawekee mabakuli yaliyojaa divai na vikombe, awaambie wanywe. Hebu fikiria kishawishi hicho. Mahali ni patakatifu na anayekaribisha ni nabii wa Bwana. Wakakataa. Walisema kwamba babu yao, Yonadabu mwana wa Rekabu, aliwakataza divai, na kwamba wao, wake zao, wana wao na binti zao wameishika amri hiyo siku zote. Yonadabu alikuwa amekufa zaidi ya miaka 200 nyuma. Neno lake lilidumu kwa kuwa halikuwa neno la mdomo tu. Nyumba nzima iliishi hivyo, kizazi kwa kizazi. Hatusemi kila Mkatoliki aishi kama Warekabi. Tunasema tu kwamba neno linaloishiwa nyumbani hufika mbali kuliko mzazi mwenyewe awezavyo kufika.

Na wewe, mama

Sasa tunakugeukia wewe uliyeandika. Usikasirike, kwa maana tunakuheshimu. Katika barua yako umeeleza makosa ya mumeo kwa kurasa mbili. Yako umeyagusa kwa mistari miwili. Siku ya sherehe ulinyamaza. Huenda hukutaka kumwaibisha mumeo mbele ya wageni, na hiyo ni heshima njema. Lakini usiku ule wageni walipoondoka hukusema pia. Uliliweka neno moyoni miaka miwili hadi likageuka lawama.

Kisha kuna fedha za siri. Kijana aliyeponea chupuchupu kwa pombe kali anapokea fedha zisizo na maelezo, kutoka kwa mama anayemficha baba. Umemfundisha nini? Umemfundisha kwamba nyumba yenu ina milango miwili, na mmoja ukifungwa ataingilia wa pili. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tena umeijeruhi ndoa yako, kwa sababu mume anayegundua kwamba mkewe ana siri na mtoto hujiona mgeni nyumbani mwake. Ndipo huacha kulea. Nyamazo la mumeo lina chanzo katika lile jibu la mwanawe, lakini pia lina chanzo katika simu yako.

Mtazame Mtakatifu Monika. Mwanawe Augustino anatueleza katika Maungamo kwamba Monika alipokuwa msichana, wazazi wake walimtuma kuteka divai kwenye pipa. Akaanza kuonja kidogo, kesho yake zaidi kidogo, hadi akafika kunywa vikombe karibu vijavyo. Siku moja mjakazi aligombana naye akamwita mlevi. Neno lile likamchoma, naye akaacha. Kwa hiyo hata msimamizi wetu sisi wazazi tunaolia aliwahi kuponywa na ukweli uliosemwa waziwazi. Augustino anasimulia pia jinsi baba yake Patricius, mtu asiye tajiri wa mji mdogo wa Thagaste, alivyohangaika kutafuta fedha za kumpeleka kusoma Carthage. Watu walimsifu kwa hilo. Lakini baba huyo hakujali mwanawe anakua namna gani mbele za Mungu, ilmradi awe msemaji hodari. Alipoona mwanawe amekuwa mwanamume alifurahi. Monika aliogopa. Wazazi wawili, mwanafunzi mmoja, njia mbili. Miaka 1,600 imepita na nyumba ni ile ile.

Na kitabu cha Mithali, sura ya 31, kinatupa mama mwingine, mama yake mfalme Lemueli. Alimwonya mwanawe juu ya divai, tena alimpa sababu inayohusu kazi yake. Mtawala akilewa husahau sheria na kuipotosha haki ya wanyonge. Huo ni ufundi wa kuigwa. Mwambie mwanao anayesomea uuguzi kwamba mikono yake itashika watoto wa watu. Mwambie binti anayesomea ualimu kwamba darasa zima litamtazama. Usimwonye kwa kilicho nyuma tu. Mwonyeshe anachokwenda kuwa.

Mambo ya kufanya

Kwanza, patananeni ninyi wawili kabla ya kumpigia mtoto simu. Ketini usiku mmoja watoto wakiwa wamelala. Mume akiri ile chupa, mke akiri zile fedha, kisha muende Kitubio. Mtoto hawezi kusimama juu ya daraja lililokatika katikati.

Pili, semeni neno moja, na liwe wazi. Wazazi wengine husema "Usizidishe" wakidhani wamekataza. Kijana husikia "Kunywa." Kama msimamo wenu ni kwamba asinywe akiwa mwanafunzi, semeni hivyo hivyo, baba na mama, pamoja na sababu zenu. Wenye watoto kidato cha nne wasingoje barua ya chuo. Ile miezi ya kukaa nyumbani baada ya mtihani ndiyo wakati wa kuzungumza, mkichuma kahawa au mkipika pamoja, si katika kikao cha kutisha.

Tatu, fedha zitumwe kwa mpango mnaoujua nyote watatu, kidogo kidogo kila juma ikiwezekana. Hii si adhabu. Hata mtu mzima hupewa mshahara kwa mwezi na bado hushindwa.

Nne, mfundisheni kuokoa uhai. Wazazi wengine huogopa kwamba kufanya hivyo ni kumpa ruhusa. Sivyo. Anayemfundisha mtoto kuogelea hamtumi akaruke ziwani usiku. Ajue kwamba aliyelewa akashindwa kuamka, anayepumua polepole au kwa kukatizwa, au aliyepoa na kubadilika rangi midomoni, yuko hatarini kufa. Alazwe ubavu ili asipaliwe na matapishi, asiachwe peke yake, apelekwe hospitalini mara moja. Kahawa na maji baridi haviondoi pombe mwilini. Ajue pia kwamba akiwapigia simu saa nane za usiku mtapokea, na maswali yatangoja hadi asubuhi. Yule mwenzake wa chumbani aliyepiga simu aliokoa maisha. Mlimshukuru?

Tano, mtafutieni ndugu mahali alipo. Vyuo vikuu vingi nchini vina padre mlezi na jumuiya ya wanafunzi Wakatoliki. Chama cha Pioneer, kilichoanzishwa na Padre James Cullen mjini Dublin mwaka 1898 kwa ajili ya wanaojinyima pombe kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kimefika hata kwetu Kenya. Kijana asiyekunywa huteswa zaidi na upweke kuliko kiu. Akipata wenzake, nusu ya vita imekwisha.

Ikiwa ataendelea kunywa

Tungekudanganya, mama, tukikuambia kwamba ukifanya haya yote mwanao ataacha. Wapo wazazi waliofanya yote na mtoto bado akapotea, na wapo watoto wa walevi ambao hawajawahi kuonja. Mtumishi wa Mungu Matt Talbot wa Dublin, aliyezaliwa mwaka 1856, alikuwa mtoto wa baba mnywaji. Alianza pombe akiwa bado mvulana, na mwaka 1884 akaiacha kabisa hadi kufa kwake mwaka 1925. Mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa. Mungu amempa kila mtu hiari, hata mtoto wako. Baba wa mwana mpotevu katika Injili ya Luka hakumfungia mlango asiende, wala hakumtumia fedha kule alikokuwa akitapanya. Alibaki akiitazama njia.

Kwa hiyo wajibu wenu si kumshinda mwanenu. Wajibu wenu ni kusema kweli, kuiishi kweli hiyo, na kuwa nyumba ambayo anaweza kuirudia. Akiwa tayari amefungwa na pombe, yaani hawezi kuacha hata akitaka, hapo anahitaji daktari na washauri pamoja na sala, na kumpeleka kwao si aibu.

Tunamaliza na swali lako, mama. Mumeo ana haki ya kumkanya mwanawe? Anayo, na zaidi ya haki, ana deni. Lakini deni hilo hulipwa kwanza nyumbani. Leo jioni usianze na lawama. Mwandalie mumeo chai, kaa karibu naye, anza na kosa lako la M-Pesa. Huenda atanyamaza kidogo. Kisha huenda atataja ile chupa yeye mwenyewe, bila wewe kuitaja. Ikifika hapo, mshike mkono, msali Baba Yetu pamoja, na asubuhi mpigieni kijana simu mkiwa wawili. Atakaposikia sauti zenu zote mbili katika simu moja, atajua kuna jambo limebadilika nyumbani, kabla hata hamjalitaja neno pombe.

Mungu abariki nyumba yenu na nyumba zote za wasomaji wetu.